Madumu Kumi na Sita Karibu na Boila

Mwaka jana nilialikwa sherehe ya kipaimara kwenye hoteli moja hapa Mbeya. Wenzangu walikwenda moja kwa moja kwenye pilau. Mimi nikazunguka nyuma, maana nilisikia maji yanatokota kama sufuria ya makande nikataka kujua nani anapika huko peke yake. Kumbe ni jakuzi, lile bwawa dogo la maji moto yanayobubujika. Nikainama, nikachovya vidole viwili, nikavisugua. Vikateleza kama nimeshika kambale.

Dada anayelitunza akaja mbio.

"Shikamoo babu. Usiogope, maji ni safi, asubuhi nimeweka klorini."

"Marahaba. Hiyo klorini ina umri gani?"

Akaniangalia vile mnavyotuangalia sisi wazee tukianza. "Babu, klorini nayo ina umri?"

"Hebu nionyeshe inapokaa."

Akanionyesha. Madumu manne, yamepangwa vizuri kabisa, mstari umenyooka, ubavuni mwa mtambo wa kupashia maji, na jua la saa tisa linayapiga mgongoni. Nikasimama pale nikiyatazama. Nilikuwa najiona mimi mwenyewe, ila mwenye nywele.

Basi haya ninayoandika ni ya dada yule na nyinyi wenzake wote mnaotunza mabwawa na majakuzi ya watu. Sitawafundisha kazi yenu, mna vipimo vya kisasa na simu zinazojibu kila swali. Nitawaambia tu jinsi nilivyoikosea kazi hiyo hiyo miaka ya sabini, na nani nusura alipe kwa kosa langu.

Kabla ya kuwa mtu wa stoo nilikuwa nauza viazi sokoni Mbeya. Viazi vilinifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili, na kutomwamini mtu yeyote anayekwambia "chukua kidogo kidogo". Tabia hizo mbili ndizo zilizonipatia kazi kwenye hospitali moja ya misheni, huko juu kwenye vilima upande wa Iringa, ambako mwezi wa sita umande unaganda kwenye majani na ng'ombe wanatoa moshi puani kama treni. Watu wa hospitali waliniita Bwana Stoo nikiwapo. Nikigeuka waliniita Mara Mbili.

Hospitali ile ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona: birika la maji moto. Lilikuwa shimo la saruji, refu hatua nane, pana hatua nne, maji yanafika kifuani. Maji yalipashwa na boila ya kuni, ile ile iliyokuwa inachemsha vyombo vya upasuaji. Waliokuwa wanaingia humo ni watu wa miguu: waliovunjika, waliopooza, waliolala kitandani mpaka magoti yakasahau kazi. Mtu ambaye nje ya maji ni gunia, ukimtia mle ndani anasimama. Nilipomwona wa kwanza amesimama, niliangalia chini ya maji kutafuta aliyemshika.

Mwenye birika alikuwa Sista Klara, mzungu mrefu, ndiye pia msimamizi wa hospitali nzima. Kiswahili chake alijifunzia pwani, kikawa kimenyooka kuliko chetu sote tuliozaliwa nchini humu. Alinikabidhi dawa ya maji, yaani klorini ya maji kwenye madumu ya plastiki, akanipa na kanuni: vikombe vitatu kila jioni watu wakishatoka, jua likishatua. Kulikuwa pia na chupa ndogo ya matone ya kupimia. Ukichukua maji ya birika kidogo ukadondoshea tone, yakigeuka njano dawa ipo, yasipogeuka hakuna. Chupa ile ikaisha mwezi wa tatu. Nyingine ilikuwa njiani kwa meli. Ilikuwa njiani kwa meli muda wote ninaoutaja katika habari hii.

Makosa madogo nilianza nayo mapema. Wiki ya kwanza nilimwaga dawa saa sita mchana kwa sababu ndio muda niliokuwa na nafasi. Jua likainywa yote, jioni maji yakawa kama sikuyagusa. Wiki ya pili niliimiminia kwenye ndoo ya bati ili nichotee vizuri. Asubuhi ndoo ikawa na kutu kama imefukuliwa kaburini, na dawa yenyewe ikawa na rangi ya chai. Sista Klara akatazama ndoo, akanitazama mimi, akasema, "Plastiki, Bwana Stoo. Chuma na dawa hii havipatani." Nikaandika kichwani. Hayo yalikuwa makosa ya ndoo moja. Lililofuata lilikuwa kubwa.

Dawa tulinunua Iringa mjini kwa Mzee Premji, Mhindi mwenye duka karibu na soko. Alizaliwa pale pale, Kihehe anakimwaga kama mzaliwa wa Kalenga. Mwezi wa nne nilimkuta ana shehena mpya, madumu ishirini na manne.

"Kamwene, Bwana Stoo," akanisalimu.

"Kamwene, Mzee. Yote haya bei gani?"

Akajikuna sikio. "Yote ya nini? Chukua sita. Mwezi ujao rudi, chukua sita."

"Ukishapandisha bei?"

"Hii siyo chumvi, ndugu yangu. Haikai."

"Mzee, mimi nimeuza viazi. Kitu ukitaka kukiuza kwa bei ya mwezi ujao, siku zote unasema hakikai."

Alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Tukavutana hadi adhuhuri. Mwisho akanipa yote ishirini na manne kwa bei niliyoitaka mimi, akanitupia na mche wa sabuni juu yake. Akamwambia mke wake kwa sauti, ili nisikie: "Huyu anajua kuhesabu sana." Kwa miezi miwili nilidhani amenisifu.

Gari la hospitali lilipofika, dumu moja nilimkabidhi Mama Sanga palepale, fungu la dobi. Mama Sanga alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia, mwanamke wa Kikinga, mikono yake kama ya mpasua mbao, mjane mwenye watoto watatu shuleni. Alikuwa na miaka kumi na moja pale. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya hospitali, kwa hiyo kazi ikiondoka na paa linaondoka. Yeye naye alitumia dawa ile ile kutakatisha shuka. Akalibeba dumu lake kichwani, akaenda zake.

Yakabaki ishirini na matatu. Sasa niyaweke wapi?

Hapa nyinyi mliozaliwa kwenye nyumba za bati na friji mnisikilize vizuri, kwa sababu kosa hili lingemshinda mtu wa Dar es Salaam kulifanya. Nyumba za kwetu huku nyanda za juu, kitu cha thamani hukaa karibu na moto. Mbegu ya mahindi inaning'inia juu ya meko mpaka inakuwa nyeusi kwa moshi. Ulezi wa pombe ya harusi, jikoni. Ngozi, jikoni. Mama aliyejifungua, jikoni. Kitu ukikipenda unakipeleka kwenye joto, ukikichukia unakiacha nje kikaote ukungu. Pale hospitali chumba cha boila ndicho kilikuwa jiko letu kubwa. Mlinzi alining'iniza mbegu zake humo. Manesi walikausha uyoga. Mpishi alikuwa na kreti ya vitunguu.

Nami nikaweka humo kitu cha thamani kuliko vyote. Nikatengeneza kichanja cha mbao hatua tatu kutoka mlango wa boila, nikapanga madumu, nikayapa namba kwa rangi, nikayahesabu. Ishirini na matatu. Nikayahesabu tena. Ishirini na matatu. Nikalala usingizi wa mtu tajiri.

Baada ya wiki chache yakaanza kuvimba. Ukilegeza kifuniko, dumu linatoa pumzi: fyuuu! Mchochea kuni wa boila akaniuliza, "Bwana Stoo, haya yanataka nini?"

"Nguvu hizo," nikamwambia. "Dawa kali. Haiwezi kutulia."

Nilikuwa naiangalia dawa inatoka, nikasema ndiyo inaingia.

Mwezi wa sita ulipoanza, Mama Sanga akawa anakuja kila siku na kikombe cha plastiki mkononi.

"Bwana Stoo, nipe vinne."

"Jana nilikupa viwili."

"Jana shuka hazikutakata."

"Sugua, mama."

"Nikusugue wewe?"

"Na lile dumu nililokupa mwezi wa nne?"

"Limekwisha."

"Limekwisha! Dumu zima?"

"Bwana Stoo, watu wanazaa kwenye shuka hizo. Wewe unadhani wanakunywa chai juu yake?"

Nikampa vitatu, nikaandika vitatu.

Wiki ile ile birika likaanza kuchafuka. Kwanza maji yakawa na wingu. Halafu kingo zikateleza. Halafu ikaja harufu kali ya dawa, ile inayowasha macho, nami nikajisifu: si mnasikia, dawa imejaa! Vijana, shikeni hili: birika likinuka dawa namna ile, mara nyingi ujue dawa imezidiwa. Inapigana na uchafu na inapigwa. Lenye dawa ya kutosha halipigi kelele. Lakini mimi nilikuwa na pua, sikuwa na matone.

Mgonjwa mkongwe wa birika alikuwa dereva wa lori, Lusajo, Mnyakyusa wa Tukuyu. Lori lilimlalia mteremkoni, nyonga ikavunjika mara mbili. Wakati huo alikuwa ameanza kutembea majini, hatua kumi kwenda, kumi kurudi, ameshika ubao tu. Alhamisi moja akaninyooshea mkono. Ulikuwa na vipele vyekundu kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko.

"Mara Mbili," akasema, hakusubiri nigeuke, "hili ni birika au ni supu? Kama ni supu, mniambie nitoke, mie siyo kongoro."

Wengine watatu walikuwa na vipele vile vile. Sista Klara akatuita barazani, wagonjwa hao nami.

"Kila jioni unatia vikombe vitatu?"

"Vitatu, Sista. Navihesabu mara mbili."

"Basi kuna kitu hakipo sawa. Maji yasipopona kufikia Jumamosi, ninalimwaga birika na kulifunga mpaka baridi ipite. Kuni za kulijaza na kulipasha upya hatuna."

Baridi ipite ni miezi miwili. Lusajo akaangalia miguu yake.

Sasa mnitazame akili ya mtu wa sokoni ilivyofanya kazi. Nilikwenda boila nikayahesabu madumu. Saba tumetumia, kumi na sita yapo. Nikayahesabu tena, kumi na sita. Idadi sahihi, vikombe sahihi, ila dawa haifanyi kazi. Kwa muuza viazi jibu ni moja tu: kuna mtu anachota kizuri na kujazia kibaya. Gunia lina uzito ule ule, chini kuna mawe. Nani ana kikombe? Nani anakuja kila siku? Nani dumu zima limemwishia haraka? Nikaenda kwa Sista Klara jioni hiyo hiyo, nikasema kwa kujiamini kabisa: "Sista, Mama Sanga anaiba dawa na kujazia maji."

Akauliza, "Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini hesabu inasema."

"Kama ni kweli, Jumamosi ataondoka," akasema. "Na kama si kweli, Bwana Stoo?"

Sikuwa nimeiandaa hesabu ya upande huo.

Ijumaa asubuhi tukakutana uani kwa dobi, kati ya kamba za kuanikia. Wanawake wanne wa kufulia wamesimama na mapovu mikononi. Sista Klara akamweleza Mama Sanga alichoshtakiwa, neno kwa neno, bila kupunguza. Nilitarajia kelele. Mama Sanga alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Huyu ndiye kasema?"

"Ndiye."

"Haya." Akanigeukia. "Mwanangu, una dumu ambalo halijafunguliwa tangu dukani?"

"Lipo. Namba kumi na sita. Utepe wa duka haujakatwa."

"Lile sijaligusa?"

"Hukuligusa."

"Lilete."

Nikalileta, limevimba tumbo, utepe mzima. Mama Sanga akamimina kidogo kwenye bilauri. Akachukua kipande cha kitambaa cha buluu, masalia ya sare za manesi, akakata vipande viwili sawasawa. Akatumbukiza kimoja.

"Hesabu. Si unajua kuhesabu?"

Nikahesabu kwa sauti. Mia, kitambaa buluu. Mia mbili, buluu. Mia tatu, bado ni buluu kama anga la Oktoba. Mia nne ndipo kikaanza kupauka pembeni, taratibu, kama mtu anayeamka bila kupenda.

"Umeona," akasema Mama Sanga. "Nimekwambia wiki tatu, haitakatishi. Dawa hii imechoka. Na utepe ni wa duka."

Nilijua pa kupenya, nikapenya. "Basi Premji ndiye mwizi! Ameuza maji!"

Hapo ndipo mwanamke yule alipofanya jambo ambalo asingelazimika kulifanya. Angeweza kuniacha nikamkamate Premji wa watu, yeye akarudi kwenye mapovu yake, salama. Alisimama akiangalia chini. Kisha akasema, "Ngojeni," akashuka nyuma ya jengo, kwenye korongo ambako kijito kinapita chini ya mawe na jua halifiki mwaka mzima. Akarudi na dumu kichwani, linachuruzika maji baridi. Akalitua mbele yetu. Lilikuwa limejaa, na utepe wa duka haujakatwa.

"Sista, unaona!" nikaruka. "Hilo ndilo dumu la mwezi wa nne! Aliniambia limekwisha!"

"Nilikudanganya," akasema Mama Sanga. Alikuwa ananiambia mimi, lakini macho yalikuwa kwa Sista Klara. "Nilikuwa nakuomba kwa vikombe ili hili libaki. Nakujua wewe. Siku moja ungefunga mkono kabisa, na shuka za wazazi hazisubiri. Nikalificha kule chini kwa sababu harufu yake inanikohoza nikilala nalo karibu. Sista, kama ni kosa la kunifukuza, ni hilo. Lakini kwanza hesabuni."

Mmoja wa wale wanawake akatoa sauti ndogo, kama aliyejikata. Wote tulijua alichokiweka rehani: kazi na paa. Alikuja uani hana kosa, sasa analo, na amelibeba mwenyewe kichwani.

Akamimina kwenye bilauri ya pili, kipimo kile kile, akatumbukiza kile kipande kingine. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika arobaini buluu ilikuwa inatoka kwenye kitambaa kama moshi. Themanini kikapauka. Mia kikawa cheupe kama yai.

Sista Klara akachukua bilauri mbili, moja kila mkono.

"Yalinunuliwa siku moja?"

"Siku moja, Sista."

"Duka moja?"

"Duka moja."

"Hili lilikaa mtoni. Lile lilikaa wapi?"

Jibu lilikuwa na maneno matatu na sikuyapata. Nikaanza kuzungukazunguka: unajua Sista, hali ya hewa ya mwaka huu, na yale magari, na barabara...

"Bwana Stoo. Lilikaa wapi?"

"Karibu na boila."

"Na nani aliliweka?"

"Mimi."

Mnajua ni vigumu kiasi gani kusema "mimi" mbele ya wanawake wanne wenye mapovu mikononi? Ni vigumu kuliko kushusha bei. Lakini nilisema, na nikaongeza bila kuulizwa: "Mama Sanga hajaiba. Mimi ndiye niliyeichosha dawa kwa joto, nikamsingizia." Sista Klara akakubali kwa kichwa, akamwambia Mama Sanga siku nyingine akiba iandikwe, basi, akarudi wodini. Kuhusu kufukuzwa hakusema lolote tena, si siku ile wala baadaye.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba klorini ya maji inazeeka. Haifi siku moja. Kila siku inapungua kidogo, penye joto inapungua mbio, penye jua mbio zaidi, ikiguswa na chuma ndiyo kabisa. Dumu linabaki limejaa, uzito ule ule, harufu ile ile, inateleza vidoleni vile vile. Macho hayakuambii. Ile pumzi, fyuuu, ndiyo nguvu yenyewe ikiaga. Na ndiyo maana msikaze vifuniko mpaka mwisho, dumu lisije likapasuka, wala msichungulie usoni mnapofungua.

Siku ile ile Mama Sanga alipima mwenyewe vikombe vitatu vya dumu lake la mtoni, akanikatalia hata kushika kikombe, na jioni vikaingia birikani. Jumamosi asubuhi wingu lilikuwa limepungua kiasi cha Sista Klara kuahirisha kulimwaga. Jumapili uliona vidole vya miguu ya Lusajo, vyote kumi, nilivihesabu. Baadaye madumu yangu yaliyozeeka tuliyatumia kwa kufuata kitambaa. Buluu ikitoka kwa hesabu ndefu mara nne, tulitia vikombe mara nne. Kila Jumatatu nilisimama uani kwa dobi na bilauri yangu nikihesabu kwa sauti, na wanawake wale wakinisaidia kukosea. Nyinyi mna vipimo vizuri zaidi, vitumieni. Mimi natoa habari ya tulichokuwa nacho.

Lusajo aliondoka mwezi wa tisa kwa fimbo moja. Akaniambia, "Mara Mbili, ukifika Tukuyu nitakupikia supu." Na Premji, niliporudi dukani kwake, aliweka madumu sita juu ya kaunta kabla sijafungua mdomo. Nilitafuta neno la kuvutana nalo. Nikalikosa. Nikayabeba.

Lakini nimeiruka Jumamosi makusudi, kwa sababu mgongo unaniuma nikiikumbuka.

Jumamosi ile baada ya kuliangalia birika nilikwenda kwa dobi kuomba radhi. Mama Sanga alikuwa anakamua shuka. Nikasema yote niliyopaswa kusema. Akaendelea kukamua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Madumu yako bado yapo kwenye moto?"

"Bado."

"Yashushe mtoni. Wewe mwenyewe. Mimi nitakaa pale kwenye jiwe nihesabu."

Kutoka boila hadi korongoni ni mteremko wa kuteleza, na kila dumu ni lita ishirini, ukiacha namba kumi na sita ambalo tulikuwa tumelionja. Nilishusha moja, nikapanda. La pili, nikapanda. Wanawake wa kufulia wakaja mmoja mmoja na beseni zao, wakakaa, kama watu waliokuja kwenye mpira. La kumi, nikapanda. La kumi na sita nililiweka chini ya mawe, maji baridi yakapita juu yake, nikanyoosha mgongo na kusema, "Kumi na sita, mama. Tayari."

Mama Sanga akatazama madumu, moja hadi la mwisho, kwa utulivu.

"Kumi na matano."

"Kumi na sita, mama. Nimehesabu."

"Mimi nimeona kumi na matano. Labda moja limechotwa likajaziwa maji, nani anajua. Rudisha juu, uhesabu tena."

Tulitazamana. Alijua ni kumi na sita. Nilijua anajua. Hakuna mtu aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Nikainama, nikashika dumu la kwanza, nikalipandisha. Nikayapandisha yote, moja moja, mpaka kwenye mlango wa boila, kisha nikayashusha yote tena, moja moja, na safari hii nilihesabu kwa sauti ili korongo zima lisikie. Jua lilikuwa limefika upande wa Mbeya nilipotua la mwisho. Nikakaa chini kwenye matope kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa.

Mama Sanga akashuka kutoka kwenye jiwe lake na bilauri ya chai ya maziwa. Akanishikisha mkononi, ya moto, imejaa mpaka ukingoni.

"Ehe," akasema. "Sasa ni kumi na sita."